Kielelezo Kiko Wapi? Tajiriba ya Kufundisha Ubunifu Chini ya Milima ya Uluguru

1.0 Utangulizi

Makala haya si ripoti ya utafiti. Hayana sampuli wala majedwali, na msomaji atakayeyatafutia kiunzi cha nadharia atakikosa. Ni maelezo ya mwalimu mmoja kuhusu kosa alilolifanya katika kusahihisha kazi ya mwanafunzi wake, na kuhusu mambo aliyojifunza alipojaribu kukitafuta chanzo cha kosa hilo. Nimeona yafaa kuyatoa katika jarida la Kiswahili kwa sababu, kama nitakavyojaribu kuonyesha, sehemu kubwa ya kosa lile ilikuwa ya lugha.

Mimi nilifunzwa kuwa mwalimu wa fasihi. Katika mwaka wa 2016, katika chuo kimoja kilichoko Morogoro, niliombwa kusaidia kufundisha somo jipya la mwaka wa tatu lililoitwa Ubunifu na Uvumbuzi. Hoja ya wakuu wangu ilikuwa kwamba mtu aliyezoea kushughulika na kazi za kubuni hawezi kushindwa kufundisha ubunifu. Nilicheka, kisha nikakubali. Wakati ule nilikuwa nimechoshwa na mihadhara ya wanafunzi zaidi ya mia moja walioinama kunakili, ambao ukiwauliza wanaonaje wao wenyewe hutazamana, na ukimaliza kipindi hukimbilia duka la fotokopi kutafuta maelezo ya mwaka uliopita.

Nilikabidhiwa kitabu cha mwongozo, cha Kiingereza, kilichofafanua mbinu ya kufikiri kama wafikirivyo wasanifu wa vitu. Mbinu yenyewe ina hatua tano: kuingia katika hali ya mtumiaji, kulibainisha tatizo, kuzua mawazo mengi bila kuyahukumu mapema, kutengeneza kielelezo cha majaribio, na kukijaribu kielelezo hicho mbele ya mtumiaji mwenyewe. Nasaba ya mbinu hii ni ndefu kuliko umaarufu wake. Herbert Simon, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu sayansi ya vitu vilivyotengenezwa na binadamu, alidai kwamba kila apangaye njia ya kuigeuza hali iliyopo iwe hali inayopendelewa ni msanifu. Mwaka 1973 Horst Rittel na Melvin Webber walieleza kwamba matatizo ya mipango ya jamii ni korofi kwa asili yake, kwani namna unavyoliainisha tatizo ndiyo inayoamua aina ya jawabu utakalolipata. Baadaye Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kikaifanya mbinu hii kuwa mtaala, na makala ya Tim Brown ya mwaka 2008 katika jarida la biashara la Harvard yakaieneza miongoni mwa mameneja. Iliponifikia mimi ilikuwa imekwisha kuwa mchoro wa visanduku vitano na mishale.

2.0 Tatizo la Istilahi

Juma la kwanza liliishia kwenye mjadala wa jina. Tuiiteje mbinu hii kwa Kiswahili? Somo lilifundishwa kwa Kiingereza, lakini wanafunzi wangekwenda kuzungumza na wakulima, na mkulima wa Uluguru huzungumza Kiluguru nyumbani na Kiswahili sokoni.

Kundi moja lilipendekeza ‘fikra sanifu’. Pendekezo hilo lilikuwa na mantiki, kwa kuwa tunasema msanifu wa majengo, na zamani kusanifu kulikuwa kutunga kwa ufundi. Lakini tangu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ianze kazi mwaka 1930 na kukisanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, kivumishi hiki kimebeba maana nyingine. Kilicho sanifu ni kilichokwisha kupitishwa. Kwa sikio la Mtanzania aliyepita shuleni, fikra sanifu ni fikra zilizoidhinishwa, yaani kinyume kabisa cha tulichokuwa tukikitafuta. Kundi la pili lilitaka ‘fikra za kiuvumbuzi’. Mwanafunzi mmoja akakumbusha kwamba katika vitabu vya historia wavumbuzi ni wageni waliopita nchini mwetu. Stanley alipofika hapa mwaka 1871 aliukuta mji wa Simbamwene wenye ngome na wenyeji wake, alivumbua nini? Darasa lilicheka.

Kundi la tatu lilikumbuka methali: usione vyaelea, vimeundwa. Kuunda ni kazi ya fundi wa vyombo vya baharini, ambaye chombo chake kikiwa na kasoro hakingoji mtihani wa mwisho wa muhula. Tukakubaliana kusema ‘fikra za uundaji’. Bado naiona istilahi hiyo kuwa nzuri, ingawa sasa najua kwamba ilinitia upofu: aliyezoea kufikiria chombo kila asikiapo neno kuunda hutazamia kuona mbao.

Mjadala huo wote ulihusu jina la mbinu. Hatua ya kwanza, ile ya kuingia katika hali ya mtumiaji, hatukuijadili hata dakika moja. Wanafunzi waliiandika katika madaftari yao kwa neno lililokuwa karibu: huruma. Nami sikusahihisha. Huruma ni neno jema, lakini mwelekeo wake ni wa juu kwenda chini. Anayehurumia anasimama, anayehurumiwa ameanguka. Lugha yetu ilikuwa na hazina nyingine kuhusu jambo hilo. Tungaliweza kuanza na kitanda usichokilalia, ambacho hujui kunguni wake, au na adhabu ya kaburi, ambayo aijuaye ni maiti. Methali hizi hazisemi lolote kuhusu kumhurumia mtu. Zinasema kwamba yeye anajua jambo usilolijua wewe. Tofauti hiyo ndiyo iliyonigharimu, au tuseme kwa haki, ndiyo iliyomgharimu mtu mwingine.

3.0 Safari ya Mlimani

Tuliteua kijiji kimoja juu ya mji. Kutoka uwanja wa chuo unaona mashamba yake yakining’inia ubavuni mwa mlima, na juu ya mashamba ukanda wa msitu ambao aghalabu hufunikwa na ukungu. Milima hii, ambayo kilele chake cha Kimhandu kinapita mita 2,600, ndiyo inayoulisha mto Ruvu, na kwa mto huo jiji la Dar es Salaam hupata sehemu kubwa ya maji yake. Kwa wakazi wa mjini Morogoro, hata hivyo, mlima hujulikana kwanza kwa akina mama wanaoteremka alfajiri na mikungu ya ndizi, mboga na matunda kichwani.

Wanafunzi walikwenda na dodoso. Swali la tatu liliuliza: “Je, mnakabiliwa na tatizo la kubeba mizigo mizito?” Kila aliyeulizwa alijibu ndiyo. Nani angejibu hapana? Tukarudi chuoni tukiwa na tatizo lililobainishwa, tukazua mawazo kwa vipande vya karatasi za rangi ukutani, na baada ya majuma matatu kundi lililoongoza lilikuwa limetengeneza fremu ya mbao ya kubebea mzigo mgongoni, yenye mikanda iliyokatwa kutoka mipira ya matairi chakavu. Waliiita mbeleko ya mizigo. Ilikuwa kazi safi. Tulipoipeleka kijijini, mama mmoja wa makamo aliivaa, akatembea hatua chache uwanjani, akashukuru sana. Tukapiga picha. Kundi lile lilipata alama 34 kati ya 40, na mimi nilijihesabu kuwa mwalimu mpya.

4.0 Kazi Iliyokosa Kielelezo

Katika darasa lile alikuwamo msichana mmoja mkimya. Aliomba ruhusa ya kufanya kazi peke yake, nami nikakubali shingo upande, maana mwongozo ulisisitiza makundi. Alileta kurasa nne zilizoandikwa kwa mkono. Alidai kwamba tatizo la akina mama wale si uzito bali saa. Mama anayefika sokoni mapema huuza kwa bei inayoeleweka. Jua likipanda madalali hushusha bei, kwa sababu wanajua kwamba mwenye ndizi hana pa kuzilaza na kwamba lazima aanze kupanda mlima kabla ya jioni, hasa nyakati za mvua. Kwa hiyo huuza kwa chochote, au huacha. Alipendekeza utaratibu: wanawake wa kitongoji kimoja wakodi kwa pamoja pembe ya stoo karibu na soko, kila siku mmoja wao, kwa zamu, abaki mjini na kuuza asubuhi yake ndizi zilizosalia za wenzake, na kila mkungu utiwe alama ya kisu kwenye kikonyo ili mwenyewe ajulikane. Aliongeza ukurasa mmoja kuhusu mambo yanayoweza kuuharibu utaratibu huo: ugonjwa wa mwenye zamu, ndizi kuiva kabla ya kuuzwa, na wivu.

Niliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: “Kielelezo kiko wapi?” Nikampa 17 kati ya 40.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2018, nilirudi kijijini na wanafunzi wengine. Katika ua wa mama yule aliyepigwa picha niliiona mbeleko ya mizigo imeegemezwa ukutani chini ya upenu, na kuku wamelala juu yake.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibuni.”

Nilipoiulizia fremu hakuona haya. “Mwalimu, ilikuwa nzuri, ila haikuwa ya huku. Mzigo wa kichwani, ukiteleza, unautupa, unapona. Wa mgongoni unakwenda nao bondeni.” Alinyamaza kidogo, kisha akamwonyesha kwa kidevu binti aliyekuwa akipepeta mchele, mtoto mchanga mgongoni. “Tena huyu angeuvaa wapi? Mgongo una mtu.”

Nilimuuliza kwa nini hakusema siku ile. Akasema, “Mlikuwa wageni, na watoto walikuwa wamehangaika.” Yaani yeye ndiye aliyetuhurumia sisi.

Alipotusindikiza alitaja, bila kulitia uzito wowote, kwamba siku ile isingekuwa zamu ya mdogo wake kulala mjini na ndizi, angetupikia. Nikasimama. Niliuliza zamu gani. Alinieleza utaratibu ule ule niliousoma katika kurasa nne: pembe ya stoo, zamu, alama za kisu kwenye kikonyo. Walikuwa wameuanza kabla hata ya wanafunzi wangu kufika mara ya kwanza, wakauacha mara moja kwa ugomvi, wakaurudia kwa masharti mengine. Mwanafunzi wangu alikuwa mtoto wa dada yake. Hakuwa amependekeza jambo la kufikirika. Kielelezo kilikuwapo, kilikuwa kimekwisha kujaribiwa na kurekebishwa na watumiaji wenyewe, nacho kilishuka mlimani kila alfajiri mbele ya macho yangu. Sikukiona kwa sababu hakikuwa cha mbao.

5.0 Matuta ya Mwaka 1955

Baada ya siku ile nilianza kusoma upya historia ya milima hii, nikakuta kwamba somo langu lilikuwa limekwisha kufundishwa hapa, kwa gharama kubwa zaidi. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 serikali ya kikoloni iliendesha Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru. Maofisa wake waliona kwamba udongo wa miteremko unamomonyoka na kwamba vyanzo vya maji vimo hatarini. Hawakukosea katika kuona hivyo. Jawabu lao lilikuwa matuta ya ngazi pana, yachimbwe na kila kaya kwa nguvu ya sheria. Lakini miteremko mingi ya Uluguru ina udongo mwembamba. Kuchimba tuta kuliufukia udongo wenye rutuba na kuutoa juu ule wa chini usio na nguvu, hivyo mkulima aliyetii alivuna kidogo kuliko jirani yake aliyekaidi, baada ya kutoa jasho jingi kuliko yeye. Wananchi walilalamika na hawakusikilizwa. Mnamo Julai 1955 mkusanyiko wa Matombo uligeuka kuwa ghasia, polisi walifyatua risasi, na mtu mmoja akauawa. Baada ya hapo ulazimishaji ukaachwa.

Jambo lililonivutia zaidi ni kwamba Waluguru hawakuwa wageni wa kuhifadhi udongo. Walikuwa na desturi yao ya kulima vijingazi vyembamba na kufukia magugu ndani yake, njia iliyoulisha udongo bila kuupindua. Huko Mgeta, ambako mboga za kumwagilia ziliuzwa kwa fedha taslimu, matuta yalikuwa na faida kwa mchimbaji, na hadi leo yapo. Tuta lilelile lilikataliwa upande mmoja wa mlima na kulimwa upande mwingine. Kwa hiyo ubora wa umbo pekee haukueleza lolote. Kilichoeleza ni kazi ya nani, saa ngapi, na kwa malipo gani.

Sijilinganishi na maofisa wale. Mimi sikuwa na polisi. Nilikuwa na kalamu nyekundu tu. Hata hivyo mfuatano wa makosa ni mmoja: kuliona tatizo la kweli, kulitafutia umbo kabla ya kuuliza maswali, na kuitafsiri adabu au ukimya wa mwenyeji kuwa ni kukubali.

6.0 Tulichokuwa Nacho

Yafaa pia tujiulize kwa nini mwalimu wa Tanzania alihitaji kitabu kutoka ng’ambo ili ajue kwamba anayeishi na tatizo ashirikishwe katika kulitatua. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliilaumu shule inayomfanya kijana aamini kwamba maarifa yote yenye thamani yamo vitabuni na kwamba wazee wake hawajui kitu. Katika miaka ya 1970 nchi hii ilikuwa mojawapo ya chimbuko la utafiti shirikishi, kupitia kazi za watu kama Marja-Liisa Swantz na Budd Hall. Mradi wa Jipemoyo ulioanza mwaka 1975 katika wilaya ya Bagamoyo, si mbali sana na hapa, ulikuwa na msimamo kwamba mwanakijiji ni mtafiti mwenzi. Mnamo 1982 na 1983, huko Malya mkoani Mwanza, Penina Mlama, ambaye ni mzaliwa wa mkoa huu wa Morogoro, pamoja na wenzake, waliendesha sanaa za maonyesho kwa maendeleo, ambamo wanakijiji walichunguza matatizo yao, wakayatungia maonyesho, wakayacheza na kuyajadili, kisha wakachukua hatua. Onyesho lile halikuwa la mbao wala la chuma. Lakini ni kielelezo gani cha majaribio kilicho rahisi kurekebisha kuliko onyesho? Mimi, mwalimu wa fasihi, nilikuwa nimeyafundisha maonyesho hayo kwa miaka kadhaa kama mada ya mtihani, na hayakunijia akilini nilipopewa somo la ubunifu.

Wala Morogoro haikosi mifano ya uvumbuzi wa vitu hai. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO, lililoasisiwa na Mbelgiji Bart Weetjens, limekuwa likifundisha panya buku katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wanuse mabomu ya ardhini, na baadaye vimelea vya kifua kikuu katika makohozi. Panya hao walishiriki katika kazi iliyoiwezesha Msumbiji kutangazwa mwaka 2015 kuwa imeondolewa mabomu yote yaliyojulikana; mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alitunukiwa nishani ya dhahabu nchini Uingereza mwaka 2020. Mnyama ambaye mkulima humtega shambani, mwepesi kiasi cha kutolipua bomu kwa uzito wake, amefanya kazi ambayo mashine huifanya polepole. Wanafunzi wangu waliufahamu mfano huu vizuri, na huutaja katika kila insha. Huutaja, hata hivyo, kwa sababu ulikwisha kusifiwa na wengine. Utaratibu wa kulaza ndizi haujasifiwa na yeyote, na ndiyo maana ulipata 17.

7.0 Hitimisho

Nilijaribu kuirekebisha alama ile. Nilielezwa, kwa upole na kwa haki, kwamba matokeo yaliyokwisha kuidhinishwa hayafunguliwi kwa sababu tu msahihishaji amebadili mawazo, na kwamba muda wa rufaa ulikuwa umepita. Mwanafunzi yule alihitimu akiwa na wastani wa 3.4. Daraja la pili la juu huanzia 3.5, na ufadhili wa masomo ya uzamili aliokuwa akiutazamia ulitaka daraja hilo. Siwezi kuthibitisha kwamba ni alama yangu pekee iliyomzuia. Siwezi pia kujisingizia kwamba siyo.

Nilimtafuta kwa simu. Alikuwa akifundisha shule ya sekondari. Nilimweleza nilichokiona kijijini, nikamwomba radhi. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, “Mwalimu, mimi nilidhani umesoma.” Hakusema kwa ukali. Nilikuwa nimesoma, kurasa zote nne. Nilizisoma nikiitafuta hatua ya nne.

Tangu hapo nimebadili mambo matatu. Kwanza, dodoso halipandi mlima katika safari ya kwanza; wanafunzi hukaa siku nzima bila kuuliza chochote kilichoandikwa, na jioni huandika mambo ambayo wenyeji wamekwisha kuyajaribu. Pili, kielelezo chaweza kuwa kifaa, utaratibu, onyesho au mapatano, mradi kuna watu wanaoweza kukitumia, kukikataa na kueleza kwa nini wamekikataa. Tatu, mwenyeji hupewa nafasi ya kukataa mbele ya mtu mwingine asiyekuwa mimi wala mwanafunzi mhusika, kwa sababu adabu ya Mwafrika kwa mgeni ni kubwa na haifai kuhesabiwa kuwa ni data. Kuhusu istilahi ya hatua ya kwanza, nimeacha kuitafutia neno moja. Huwaandikia wanafunzi ubaoni swali: “Yeye anajua nini nisichokijua?” Wataalamu wa istilahi watanisamehe, swali si istilahi, lakini halimwinui aulizaye juu ya anayeulizwa.

Kabla ya kukata simu, mwanafunzi wangu wa zamani aliniuliza kama bado nawapeleka vijana kule kwa mama yake mkubwa. Nikamwambia ndiyo, mwezi ujao. Akaniuliza siku gani. Nikamtajia siku iliyolifaa basi la chuo.

“Hapana, Mwalimu,” alisema. “Wapeleke siku ya kuteremsha ndizi. Walale huko, waamke nao saa tisa usiku, na kila mmoja apewe mkungu wake.”

Tulikwenda siku aliyoitaja. Mkungu wangu niliutua mara nne kabla ya kufika chini, na tulipofika sokoni jua lilikuwa limekwisha kupanda.